Mguu Huu Hauna Kitu

Uso wa baba mkwe wangu siujui. Nyama yake naijua. Nimeitazama ikiwa imekatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, nimeiweka chini ya hadubini, nimezihesabu chembe zake moja moja mpaka shingo ikaniuma. Mkiniuliza ana macho ya namna gani, ana mwanya au hana, nitawaambia sijui, na nimeishi naye ua mmoja miaka ishirini na sita. Msicheke. Ndivyo mji wetu ulivyo.

Mji wetu hauna jina, au unalo na waliolijua wamekufa. Jua lake halihami. Limesimama utosini tangu kabla bibi yangu hajazaliwa, halichomozi wala halizami, kwa hiyo hatuna asubuhi wala jioni, tuna maneno yake tu. Muda tunaupima kwa kucha. Ukizikata mara ishirini na tano, umeongeza mwaka. Wenye haraka huzitafuna. Mimi nimezikata mara nyingi kiasi kwamba siku nyingine naamka nikiwa msichana mwenye daftari jipya, na kabla sijamaliza chai nimeshakuwa mama mtu mzima mwenye magoti yanayolia, na wote wawili tunagombania koti moja jeupe la maabara. Nimezoea. Kinachonisumbua ni kwamba yule msichana hajui bado nilichokuja kufanya, naye hunitazama kwa heshima.

Tuna sheria moja kubwa, Sheria ya Macho. Inasema nani amtazame nani. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hatamki jina lake wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Ipo mboga ambayo sijaiita kwa jina tangu niolewe. Naiita ile ya kijani, na watu wa nyumbani wananielewa. Mzee akipita, najifunika khanga usoni na kuangalia chini. Naye akihisi nipo karibu, hukohoa mara mbili ili nipate nafasi ya kujificha. Miaka ishirini na sita, kikohozi hicho ndicho salamu yake kwangu, na ni kikohozi cha mtu mstaarabu, haki ya Mungu.

Hata Mkuu wa mji yumo ndani ya sheria hiyo. Hakuna raia aliyewahi kumwona. Tunaona vumbi la msafara wake na matangazo yenye saini yake ukutani. Ana kidonda? Hana? Kimeanza lini? Nani atamwambia avue kiatu? Tunasema ni heshima, tunainamisha vichwa na kwenda zetu sokoni. Nami nilisema hivyo hivyo, na wakati huo nilikuwa na shahada tatu.

Kazi yangu ni ngozi. Nilipoanza, kitabu tulichofundishiwa kilisema kwamba melanoma, saratani ile nyeusi inayozaliwa kwenye rangi ya ngozi, ni ugonjwa wa watu weupe wanaounguzwa na jua. Sisi weusi rangi yetu ni mwavuli, tulale usingizi. Mwalimu alikisoma kitabu hicho kwa sauti nzuri sana. Nikanyoosha mkono.

"Na nyayo je, mwalimu? Nyayo zetu hazina rangi hiyo nyingi."

"Nyayo hazioni jua," alisema. "Kwa hiyo hazina neno. Keti."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka, maana sikutaka kuonekana mjuaji. Lakini jibu lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilipomaliza masomo nikachukua kigoda, taa na lenzi ya mkononi, nikaanza kuzunguka. Masokoni, misikitini, makanisani, kwenye mashamba ya chai, popote watu walipo. "Shikamoo baba, samahani, vua viatu." "Mama, naomba nione unyayo." Waliniita Vua-Viatu. Wengine walidhani nimerogwa, wengine walidhani natafuta mchumba mwenye miguu mizuri. Nyayo elfu nne mia moja na kumi na mbili, nimeziandika zote. Na nikaikuta. Kisiginoni, katikati ya vidole, chini ya ukucha wa kidole gumba, doa jeusi lenye kingo zisizoeleweka, ambalo mwenyewe aliliita mwiba, au msumari, au mafuta ya baiskeli. Katika mji ambao jua halituachi hata dakika moja, ugonjwa ule ulikuwa umechagua mahali pekee ambapo jua halifiki. Niliandika hivyo. Wakanikatalia makala mara sita, ya saba wakaipokea, na tangu hapo nikawa mtu wa kualikwa.

Nimekaa na chembe zile maisha yangu yote, basi acheni niseme ninachokiwaza nikiwa nazo. Kila chembe ya mwili imeagizwa kufa. Inafanya kazi yake, inachoka, inampisha mwenzake, na kwa kupishana huko ndiko mtu anaitwa mzima. Inatokea moja inakataa. Inasema, mimi bado nipo. Inazaa wanaofanana nayo, inajichimbia mishipa yake ya damu, inakula kabla ya wengine, kisha inatuma watoto wake kwenye ini na mapafu wakakae huko. Nilikuwa najiuliza, jicho likiwa kwenye hadubini: kosa lake ni lipi hasa? Imependa kuishi. Nani kati yetu hapendi? Nilizeeka na swali hilo. Siku hizi nadhani najua. Kosa lake si kupenda kuishi. Kosa ni kwamba inaishi mahali ambapo wote tumekubaliana tusitazame. Sisi ndio tunaoipa nyumba, tunaipa na muda. Baada ya hapo tunakuja na visu vyetu na vilio vyetu, tunauliza imetoka wapi.

Sasa nije kwa mzee.

Mtu anayeangalia chini miaka ishirini na sita lazima aone kitu. Mimi niliona nyayo. Ua wetu una udongo laini mwekundu, nami ndiye niliyekuwa naufagia, na mzee hatembei na viatu akiwa nyumbani. Kwa hiyo nilimjua hivi: mguu wa kulia, kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho hakigusi ardhi. Akifurahi, hatua ndefu. Akiwa na mawazo, anasimama karibu na kisima na nyayo zinarundikana pale pale. Nilimpenda baba yule kwa nyayo zake, niseme ukweli, nikawa nafagia ua nikizizunguka ili nisizifute. Hilo nalo ni kumtazama. Mbele ya sheria nilikuwa mkosaji kila siku, na sikumwambia mtu.

Kisha kisigino cha kushoto kikaanza kuwa chepesi kwenye udongo. Nikakata kucha mara mbili, kikawa nusu. Nikakata tena, hakikuwepo.

Mume wangu ni Ambakisye, mwalimu wa hesabu. Mimi humwita Baba Lugano. Nikamkuta anasahihisha madaftari.

"Baba Lugano, mzee anachechemea?"

"Mwiba. Umemchoma shambani."

"Mwiba gani unakaa muda wote huu?"

"Mama Lugano, wewe kila mguu unauona una saratani. Mwache mzee wa watu."

"Anachechemea mguu upi?"

Akainua kichwa, akawaza. "Mguu," alisema.

Sikumlaumu. Yeye aliruhusiwa kumtazama, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumtazama. Lakini nilipambana. Niliwaendea shangazi zake, nikawaendea wajomba, nikasema kwa mdomo mtamu kwamba ni vizuri wazee wote wa ukoo wakaguliwe nyayo, kila mmoja, asitengwe mtu. Ukoo ukakaa. Wakabishana mpaka pombe ikaisha, mwishoni msemaji wao akasimama akatoa uamuzi: sheria imetaja uso, macho na sauti, haikutaja mguu. Litundikwe jamvi sebuleni, mzee akae nyuma yake peke yake, atoe mguu kwenye tundu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikasema asanteni.

Jamvi likatundikwa. Baba Lugano akalitoboa kwa kisu cha jikoni, tundu la ukubwa wa sahani. Mimi huku na kigoda changu, yeye kasimama pembeni yangu awe mdomo wangu, maana siruhusiwi kusema na baba yake. Alikuwa ameninong'oneza mlangoni, "Tafadhali, usimwaibishe mzee mbele ya watu." Nje uani wanaume wa ukoo wote walikuwa wamekaa kimya kabisa, wanasikiliza.

Nyuma ya jamvi kikasikika kikohozi, mara mbili. Mguu ukatoka.

Ulikuwa umeoshwa na kupakwa mafuta. Kucha zimekatwa upya, zote tano, na sikuwa nimesikia kwamba wakati wake umefika. Kwetu anayekata kucha kabla ya wakati amejipunguzia siku zake, na mzee yule alikuwa amejipunguzia kwa ajili yangu. Nikavaa glavu. Nikaukamata. Kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba.

Ulikuwa mguu wa kulia.

Nikaukagua hata hivyo, kwa sababu mikono imezoea. Katikati ya vidole. Unyayo. Vidole vyangu vikafika kisiginoni, vikasimama. Kisigino kizima, kikavu, cha mzee aliyetembea sana. Nikajua kila kitu hapo hapo. Alikuwa ameona haya. Na mimi nilihitaji maneno manne tu: mwambie atoe ule mwingine. Manne. Mtoto wa darasa la kwanza anayaweza.

Lakini sikilizeni yaliyokuwa ndani ya maneno hayo manne. Kuyasema ni kumwita baba mkwe mwongo mbele ya ukoo wake wote. Na wangeniuliza, wewe umejuaje kwamba ni ule mwingine? Ningejibu nini? Kwamba nimekuwa nikimsoma kwenye udongo miaka yote hii, nikizizunguka nyayo zake na fagio kama mwanamke aliyependa? Nilikuwa na shahada tatu na nilikuwa naogopa wajomba. Ndiyo. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka pale.

"Vipi?" akauliza Baba Lugano.

"Mguu huu hauna kitu," nikasema.

Ichunguzeni sentensi hiyo, igeuzeni mnavyotaka, hamtakuta uongo ndani yake. Nje wakashangilia. Mtu akaita chai iletwe. Nyuma ya jamvi nikasikia pumzi ndefu ikishuka, halafu kikohozi mara mbili, na mguu ukarudi ndani taratibu, kama unaniachia muda.

Nilijiambia nitamweleza Baba Lugano jioni, tukiwa wawili. Nilipanga hata maneno. Nitaanza kwa mbali, nitamwambia unajua mume wangu, wazee wana haya. Jioni. Nikaingoja. Jua likiwa pale pale utosini, nikafua, nikapika, nikaandika makala, nikakata kucha, nikafundisha, nikakata kucha, na kila nilipomwona amekaa peke yake nilitazama juu na kusema bado, jioni haijafika. Uani nyayo za kushoto zikawa vidole vitatu tu. Kisha pembeni yake pakatokea alama ya fimbo. Nikazizunguka na fagio.

Nikaitwa kwenye kongamano la wataalamu wa ngozi, ng'ambo. Wakanivisha nishani yenye picha ya unyayo. Ukumbi umejaa. Mmoja akasimama akauliza: Profesa, baada ya kazi yote hii, ni kitu gani kimoja ungependa watu wafanye? Nikasema, "Watazame. Watazame tu, halafu waseme walichokiona." Wakapiga makofi wamesimama. Yule msichana mwenye daftari alikuwa safu ya mbele, anapiga makofi kuliko wote. Loo, nilitamani nimtoe nje.

Niliporudi, fundi wangu wa maabara, Bwana Kasyupa, alikuwa ananisubiri mlangoni na aproni yake yenye madoa ya nta.

"Daktari, pole na safari. Kimekuja kitu, kimekuja kwenye ndoo."

"Ndoo? Si chupa?"

"Ndoo yenye kifuniko. Nimekata kipande cha kisigino, nimekitengeneza, lakini ni cheusi mno, hakisomeki. Nikifue?"

"Kifue."

Kwetu vipande havina majina, vina namba, na fomu haifunguliwi mpaka kioo chenye kipande kisomwe. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, ili asiwepo mtu wa kusoma ugonjwa kwa huruma. Namba haina haya, haina mkwe. Na kufua ni hivi: saratani hii ikiwa na rangi nyingi, huoni chembe, unaona giza tupu, kwa hiyo tunaitia dawa inayoondoa weusi. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi na kila mara roho inanikataa kidogo. Kwamba kitu cheusi hakisomeki mpaka kifanywe cheupe. Nikasema hayo kwa sauti. Kasyupa akasema, "Daktari, mimi nangoja maji ya kukisuuzia tu."

Nikaweka kioo kwenye hadubini. Chembe zilikuwa zimejaa, kubwa, zina macho mekundu katikati, zimeshuka, zimeshuka, zimepita mafuta ya chini ya ngozi. Nikapima kina. Ikipita milimita nne sisi wa kazi hii sauti zetu hushuka. Hii ilikuwa tisa. Niliitazama muda mrefu, na niwaambie jambo la aibu: nilifurahi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa picha bora kuliko zote za maisha yangu, nikaanza kufikiria itakaa ukurasa gani.

Ndipo nikafungua fomu. Mguu wa kushoto, kisigino. Umri, 77. Hizo saba zilikuwa na kistari katikati. Nazijua saba hizo, ziko kwenye madaftari yote ya nyumbani kwangu. Aliyemleta mgonjwa: mwanawe. Na chini kabisa, kwa mwandiko huo huo: Mgonjwa anaomba mkwe wake asijulishwe.

Kasyupa aliniambia baadaye kwamba sikupiga kelele. Nilivua glavu, nikazikunja vizuri, nikatoka.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiwa na koti la kazi, kichwa wazi, bila khanga. Watu wa njiani waligeuza nyuso. Uani hapakuwa na nyayo za mtu yeyote, udongo ulikuwa laini kama unga, kulikuwa na mistari miwili tu ya magurudumu. Nikapita juu yake. Baba Lugano alinikuta mlangoni, macho yamevimba.

"Mama Lugano! Jifunike, baba yumo ndani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utaona haya." Akanishika mkono. "Wewe ulisema hauna kitu. Mimi nilikuwepo. Ulisema hauna kitu!"

"Nilisema mguu huu."

Akaniachia. Nilimwona anazihesabu siku nyuma, mwalimu wa hesabu, mpaka akafika kwenye jamvi. Nikaingia.

Jamvi lilikuwa limetundikwa pale pale. Nyuma yake kikasikika kikohozi mara mbili, lakini hakikuishia mbili. Kiliendelea, kirefu, chenye maji ndani, na mimi naijua sauti ya mapafu yaliyokwisha kuhamiwa.

"Tusekile," sauti ikasema.

Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Baba Lugano akaruka. "Baba, usiseme naye!"

"Wewe nenda nje," akamwambia. Kisha akasema nami, polepole, akipumzika katikati. "Siku ile vidole vyako vilisimama kisiginoni. Nilivihisi. Nikajua umejua."

Nikasogea karibu na jamvi.

"Nilikuonea haya, mwanangu. Mguu ule ulikuwa unanuka. Nimpe mkwe wangu kitu kinachonuka? Nikasema nitoe huu safi. Akiuliza mwingine, namtolea. Nilikuwa nimeshaushika hivi, kwa mikono miwili, nangoja. Nikasikia unapumua. Nikasema, sasa atasema." Akakohoa. "Ulikuwa unangoja nini?"

Hakuuliza kwa lawama. Alitaka kujua tu. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa jioni, na bahati nzuri nilikuwa bado na akili ya kutolisema. Nikalishika jamvi kwa ncha ili nilivute lianguke lote, nimwone, niseme nisamehe nikiwa namwona.

"Usilishushe," alisema. "Huko maabara kwenu umeshaniona vya kutosha, nimeambiwa mnatazama mpaka ndani. Niachie uso."

Nikaliachia.

"Wewe tazama mguu. Nimekata kucha."

Kwenye tundu ukatoka mguu. Umeoshwa, umepakwa mafuta, kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Safari hii hakunificha kitu. Ulikuwa umebaki huo mmoja. Mwingine ulikuja kwangu ndani ya ndoo.

Nikapiga magoti. Sikuvaa glavu. Nikakagua katikati ya vidole, nikakagua chini ya kila ukucha, nikapitisha kidole unyayoni mpaka kisiginoni, kama nilivyofanya mara elfu nne mia moja na kumi na mbili. Alitulia kabisa, anangoja, na mlangoni Baba Lugano alikuwa analia ameegemea mwimo.

"Sema ulichokiona, daktari," mzee akasema. "Uniambie mimi mwenyewe."

"Baba," nikasema, na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia, "mguu huu hauna kitu."

"Najua," alisema.

Akakohoa mara mbili, ili nipate nafasi ya kuondoka. Nikabaki nimeushika.